Kiinimacho si uongo: kwa nini filamu za wizi huchuja sehemu ya pili

Katika Ocean's Eleven ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Steven Soderbergh, kuna mahali ambapo genge la wezi la Danny Ocean linagawana kazi. Kazi mojawapo ni kujenga nakala kamili ya chumba cha fedha cha kasino ya Bellagio, Las Vegas. Mmoja wao anauliza kama nakala hiyo ni ya mazoezi. Anajibiwa kwa mkato: kitu kama hicho. Hapo siri yote ya filamu imeshasemwa mchana kweupe, na bado hatuisikii.

Muda mrefu baadaye Terry Benedict, mwenye kasino, anatazama runinga za ulinzi na kuona wezi wakijaza fedha zake kwenye mifuko. Anaita polisi. Polisi wanashuka, mapambano yanatokea gizani, kisha wanaondoka na vifaa vyao. Ndipo Benedict anapokumbuka kwamba sakafu ya chumba chake ina jina la Bellagio, lililowekwa Jumanne ya wiki hiyo, na kwenye ile picha ya runinga sakafu ilikuwa tupu. Picha ilirekodiwa kwenye nakala. Polisi ndio wezi. Vifaa vyao ndio fedha. Gari lililofukuzwa barabarani lilibeba vikaratasi vya matangazo tu.

(Nitafichua miisho ya filamu kadhaa hapa. Ambaye hajaziona, azione kwanza.)

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndio kipimo changu. Tumepigwa changa la macho, lakini kila kipande cha hila tulionyeshwa. Nakala tuliiona ikijengwa. Hata kosa lake, ile sakafu isiyo na maandishi, lilikuwa mbele yetu. Ukirudia filamu mara ya pili unaona kila kitu kilivyokaa, na raha inaongezeka. Hicho ndicho kiinimacho: mchezaji anafanya jambo lake mbele ya macho yako wakati wewe unatazama mkono mwingine. Uongo ni tofauti. Uongo unafanyika chumba cha pili, kisha unaletewa habari.

Filamu nyingi za wizi zinapotoa mwendelezo huhama kutoka kiinimacho kwenda uongo. Malalamiko ya kawaida, kwamba waigizaji wamezeeka au bajeti imezidi, naona hayagusi kiini.

Turudi kidogo kwenye hiyo ya kwanza, maana namna vizuizi vyake vilivyopangwa ni darasa. Kabla hata mtu hajaingia, tunaambiwa kwa nini fedha zipo: kwa sheria, kasino lazima iwe na fedha taslimu za kulipia kila chipu ya kamari inayochezwa. Siku ya kawaida ni dola milioni 60 hadi 70, mwisho wa wiki 80 hadi 90, na usiku wa pambano la ngumi milioni 150. Basi wizi una tarehe, na tarehe ina sababu. Kisha tunatajiwa milango. Kwanza upenye hadi vyumba vya wahesabu fedha. Halafu milango inayotaka namba ya siri ya tarakimu sita, inayobadilishwa kila baada ya saa 12. Halafu lifti isiyosogea bila alama ya kidole, tena bila sauti mbili za kuthibitisha, moja kutoka chumba cha ulinzi na nyingine kutoka chini. Njia ya lifti ina vitambuzi vya mwendo. Chini kuna walinzi wawili wenye bunduki, na baada yao mlango wa chumba chenyewe.

Hesabu hiyo inatolewa kwa dakika chache, kwa lugha ya mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni, na baada ya hapo mtazamaji ana ramani kichwani. Kila mlango ukifunguka anajua umefunguka upi. Ndiyo maana makosa madogo yanauma. Yen, mwanasarakasi aliyefichwa ndani ya toroli la fedha, anaumia mkono. Kitufe cha kulipua mlango kinabonywa na hakuna kinachotokea, kwa sababu betri zimekwisha. Betri! Kwenye filamu isiyo na ramani, tukio hilo lingepita kama mzaha. Hapa unashika kiti.

Ocean's Twelve ilitoka 2004. Mwanzo wake si mbaya hata kidogo, na hilo linasahaulika. Benedict anawakuta wote, mmoja mmoja, na kuwapa wiki mbili kurudisha dola milioni 160 pamoja na riba. Deni ni sababu nzuri ya kurudi kazini. Kule Amsterdam wanataka kuiba hati ya kale ya hisa kwenye nyumba ya mtu anayeogopa kutoka nje, kwa hiyo nyumba haiachwi tupu kamwe. Wanagundua kwamba kutoka upande wa pili wa mfereji pembe ya kulenga haiwaruhusu kukifikia kifaa cha ulinzi. Wanazamia majini na kuinyanyua nyumba nzima juu ya nguzo zake kiasi kidogo tu. Huo ni wizi wa kweli: kizuizi kimetajwa, kipimo kimetajwa, dawa imeonekana. Wakiingia wanakuta mwizi mpinzani, François Toulour, ameshaichukua hati.

Toulour, anayeigizwa na Vincent Cassel, anawapa shindano: wakimtangulia kuiba yai la vito la Fabergé linaloonyeshwa Roma, atawalipia deni lote. Kuanzia hapo tunatazama maandalizi marefu. Wengi wa genge wanakamatwa. Waliobaki wanamleta Tess, mke wa Danny Ocean, ajifanye Julia Roberts kwa sababu wanafanana, na Tess huyo anaigizwa na Julia Roberts mwenyewe. Bruce Willis anatokea akiwa yeye mwenyewe. Toulour naye anacheza dansi katikati ya miale ya leza hadi anafika kwenye yai.

Kisha mwisho unatuambia kwamba yai halisi liliibwa zamani, ndani ya treni, lilipokuwa linasafirishwa kwenye begi la mgongoni. Kila kitu tulichokitazama Roma kilikuwa maigizo ya kumpumbaza Toulour. Danny na Rusty, msaidizi wake, walishapewa siri ya safari ya yai na mwizi mkongwe, LeMarc, nyuma ya pazia.

Hapo ndipo panapouma. Wizi wenyewe, ule wa treni, unaonyeshwa kwa haraka kama kumbukumbu, baada ya mambo kwisha. Hakuna begi tuliloliona mapema tukalipuuza. Hakuna neno la kujirudia. Linganisha na nakala ya chumba cha fedha, utaona kwamba mbinu zote mbili ni zile zile kwa umbo, yaani mtu anatazama maigizo huku mali ikiondoka, lakini ya kwanza ilitulipa na ya pili ilitukopa bila kurudisha. Hatari tuliyohisi wenzao walipokamatwa inageuka bure, kwa kuwa hakukuwa na hatari.

Chanzo kimojawapo kinajulikana. Muswada wa George Nolfi haukuandikwa kwa ajili ya genge hili. Ulikuwa hadithi nyingine, ya wezi wawili wanaoshindana, kisha ukarekebishwa ili watu wa Ocean waingie. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mvutano wa kweli uko kati ya Danny na Toulour, na kwa nini watu wengi wenye vipaji vyao, mtaalamu wa milipuko, mwanasarakasi, madereva, wanakaa mahabusu. Hadithi ya wawili haina kazi za kuwapa kumi na wawili.

Walioitengeneza walijua tatizo. Ocean's Thirteen ya 2007 inarudi Las Vegas, inarudisha mpango wenye hatua. Mzee Reuben, mmoja wa genge, ametapeliwa na Willy Bank, Al Pacino huyo, na genge linataka kumfilisi usiku wa kufungua hoteli yake. Dadu zinachezewa kiwandani kwao Mexico, ambako mmoja wa genge anajikuta amechochea mgomo wa wafanyakazi. Mtambo wa ulinzi unaosoma mapigo ya moyo ya wachezaji unapaswa kuzimwa. Mashine ya kuchimba mahandaki inatetemesha ardhi ili watu wakimbie na ushindi wao mfukoni. Ni filamu ya haki, haina deni kwa mtazamaji. Shida yake ni kwamba hakuna mlango mmoja wa kuutolea macho. Kuiba ni kitu kimoja kuhama kutoka mkono huu kwenda huu. Kumfanya mtu apate hasara kwenye meza mia ni uhasibu, na uhasibu haupigi moyo kwa kasi. Pia Danny hana cha kupoteza. Mwaka 2001 alikuwa anaiba fedha na wakati huo huo anamtaka Tess arudi, tena kwa siri, na genge lilipogundua lilimkasirikia. Bila moto huo, ustadi mtupu.

Kuna ugonjwa mwingine, wa zamani zaidi. The Sting ya 1973 ilipata Oscar saba, ikiwamo ya filamu bora, na ni filamu ya utapeli, binamu wa karibu wa filamu za wizi. Mwendelezo wake wa 1983 uliandikwa na mwandishi yule yule, David S. Ward. Paul Newman na Robert Redford hawakurudi. Nafasi zao walipewa Jackie Gleason na Mac Davis, na hata majina ya kwanza ya wahusika yakabadilishwa. Utapeli unasimama juu ya imani yetu kwamba hawa wawili wanaaminiana. Ukibadilisha nyuso, imani hiyo inaanza sifuri.

Now You See Me 2, ya 2016, naitaja kwa sababu ya karata moja. Wanamazingaombwe wameficha chipu ya kompyuta kwenye karata, wanapekuliwa mmoja mmoja, na karata inaruka kutoka kiganja hadi mkono wa shati, mgongoni, kwa mwenzake. Wazo ni zuri mno. Lakini karata inapaa kwa msaada wa kompyuta kuliko mkono wa binadamu unavyoweza, na tukio linaenda mbali mpaka mtu anaacha kuogopa. Mbaya zaidi ni mwisho, ambapo Thaddeus Bradley, adui aliyefungwa sehemu ya kwanza, anageuka kuwa rafiki wa marehemu baba yake Dylan, kiongozi wa wanamazingaombwe hao. Yaani ule ushindi tulioushangilia 2013 unafutwa. Mwendelezo ukila chakula cha sehemu ya kwanza, unaharibu zote mbili.

Wahindi walipata dawa nyepesi. Kwenye Dhoom anayebaki ni polisi, Abhishek Bachchan na mwenzake Uday Chopra, na mwizi ndiye anayebadilika: John Abraham 2004, Hrithik Roshan 2006, Aamir Khan 2013. Mwizi mpya analeta hila mpya, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini aliyetajirika anaiba tena. Hata hivyo ile ya tatu ilijikwaa. Siri yake ya mapacha inakaa vizuri, lakini jinsi benki za Chicago zinavyovunjwa hatuonyeshwi sawasawa. Tunapewa mwizi akikimbia na pikipiki. Pikipiki si wizi.

Kwa anayeandika mwendelezo wa namna hii, zoezi moja linatosha kuanzia. Chukua muswada, simama ukurasa mmoja kabla wizi haujaanza, andika vizuizi vyote ambavyo mtazamaji ameshatajiwa na vitu vyote alivyoviona kwa macho. Nenda mwisho, andika kila kitu kilichotumika kwenye ufunuo. Kisichokuwa kwenye orodha ya kwanza, kirudishe nyuma, kionekane kikifanya kazi nyingine.

Fast Five ya 2011 inafaulu zoezi hilo, ingawa ni ya tano kwenye mfululizo wake. Wezi wanatafuta sefu ya aina ile ile ya Reyes, tajiri mhalifu wanayetaka kumwibia, kwa ajili ya mazoezi, na tunaiona. Wanahitaji alama ya kiganja chake, na Gisele, mmoja wao, anaipata ufukweni. Magari mawili yanaiburuta sefu katika mitaa ya Rio, nusu ya jiji inavunjika, na mwishoni inafunguliwa na kukutwa tupu: halisi ilishaondoka na gari la taka, na iliyoburutwa hadi darajani ni nyingine. Mtazamaji anapiga paji la uso, maana alikuwa anajua muda wote kwamba sefu ziko mbili.