Mwalimu mwenzetu wa Dublin

Jana usiku nilikuwa nasahihisha madaftari huku Braveheart inaonyeshwa kwenye tivii. Lile pande la mtu lenye ndevu nyekundu, rafiki wa shujaa, ni Brendan Gleeson. Mnajua alikuwa mwalimu? Alifundisha Kiingereza na Kiairishi huko Dublin, na jukwaani anaigiza, hadi 1991 alipoacha chaki akiwa na miaka 36 hivi. Filamu hii ikatoka 1995. Uteuzi wa Oscar ulimfikia 2023, ana miaka 67, jamani! Mwanawe Domhnall naye mwigizaji.

Mimi natimiza 36 mwezi ujao. Nikaiweka kalamu nyekundu chini, nikatazama dari. Kisha nikaiokota, maana yalibaki madaftari 12 na matokeo yanatakiwa Jumatatu.