Ngoma za Mjomba

Mjomba aliposhuka melini mwaka 1989 alikuja na deki, na mkanda mmoja ulioandikwa kwa kalamu: Miami Vice, tamthilia ya polisi ya Marekani. Wakati ule Bara hatukuwa na televisheni, ilikuja 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo jioni ile sebule yetu ya Tanga ilijaa, waliokosa nafasi wakachungulia dirishani.

Ilikuwa sehemu ya kwanza kabisa, iliyorushwa Marekani Septemba 1984. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, maneno yakinipita tu. Halafu kwenye kioo ukaingia usiku. Wapelelezi wawili, Crockett na Tubbs, wamo ndani ya gari jeusi lisilo na paa, taa za barabarani zinateleza juu ya boneti, hakuna anayesema. Anayeimba ni Phil Collins, "In the Air Tonight", wimbo wa mwaka 1981, chini yake mashine ya ngoma inagonga pole pole. Tubbs anapakia risasi. Crockett anasimamisha gari, anaingia kibanda cha simu, anampigia mke waliyetengana naye. Sikuhitaji mkalimani. Mtu huyu anaaga, maana huenda asirudi.

"Sasa sikilizeni ngoma," akasema Mjomba.

Zikaja! Zilidondoka kwa kishindo, gari likachomoka, na mimi mwili ukanisisimka. Tukamwomba arudishe. Akarudisha. Tukaomba tena, na tena, mpaka deki ikatafuna mkanda.

Hakuna aliyepumua. Mjomba alifungua mfuniko kwa bisibisi, akautoa utepe kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, umejikunja kama jani la mgomba lililokauka. Akakata palipoharibika kwa wembe, akaunga kwa selotepu.

Tangu siku ile, kwetu Crockett aliweka simu na papo hapo akawa ameshafika anakokwenda. Ngoma hazikuwepo. Ndipo nilipoona wimbo ule ulikuwa umebeba nini: bila zile ngoma, alikuwa mtu aliyepiga simu tu. Ndiyo maana tamthilia za polisi zinazomwaga nyimbo kila mlango unapofunguliwa zinaniudhi mpaka leo.

Usiku uleule, baada ya kuunga, tuliutazama tena. Tulipofika kwenye simu Mjomba alisogeza bilauri za chai pembeni, akangoja Crockett aweke mkono wa simu, kisha akazipiga zile ngoma mezani kwa viganja vyote viwili.