Jerikeni Moja na Robo

Mashine ya kupima nguvu ya zege ilipasua mchemraba wetu wa kwanza kwa kani ya kilonyutoni 210. Zege la gredi 25 (kiwango cha nguvu), mchemraba wa milimita 150 kila upande, likifika siku saba nategemea 370 hivi. Nilitoka maabara ya Kireka tumbo limenikaza, maana nguzo za zege lile lile zilikuwa zimeshasimama kwenye nyumba tunayojenga Kira, Uganda, ghorofa ya pili.

Saiti yetu inaongea Kiswahili: vijana wa Arua, Wakongo, na msimamizi wao, mzee Mnubi wa Bombo aliyeanza kumwaga zege kabla sijazaliwa. Nikampa karatasi.

"Injinia mwanangu, saruji ya siku hizi ndiyo mbovu."

Sikubishana naye. Kesho yake nilikaa kando ya mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, asubuhi nzima nikihesabu jerikeni za maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 nilitaka upate lita 25, yaani jerikeni moja na robo, na mchanga wa Lwera ukiwa umelowa, pungufu ya hapo. Wao walimimina mbili, na maji yakizidi zege hudhoofika. Nilipoinua koni ya slampu, ya kupimia ulaini wa zege bichi, zege likatandazika kama uji.

Nikamuuliza kijana mmoja kwa nini. "Bosi, karai linapita mikono kumi mpaka juu. Zege gumu haliingii kwenye nondo, na vaibreta, ile mashine ya kulitikisa lijae vizuri, imekufa wiki ya tatu."

Wiki tatu! Na mimi nilikuwa napita pale kila Jumanne na Ijumaa. Mwenye nyumba alikuwa amekataa gharama ya kuitengeneza, nao wakalipwa kwa mfuko, kwa hiyo maji ndiyo yaliyokuwa vaibreta yao.

Nilimpigia mwenye nyumba hesabu ya kubomoa nguzo moja. Vaibreta ikapona siku hiyo hiyo. Kisha tukafinyanga michemraba ya aina mbili, ya mzee kwa jerikeni mbili na yangu kwa moja na robo, na siku ya saba nikampakia mzee kwenye taksi hadi Kireka. Wake ukapasuka kwa 225, wangu kwa 390. Akaokota kipande, akakisugua kwa kidole gumba, kikamwagika unga.

"Huu ni wangu?"

"Ndiyo, mzee."

Hakusema tena mpaka tulipofika Kira.

Nguzo za zamani tulizipima kwa nyundo ya Schmidt, inayokisia nguvu ya zege kwa jinsi inavyodunda juu yake, nyingine tukazitoboa kuchukua sampuli. Nne zikabomolewa. Mwenye nyumba hakunisalimia wiki mbili.

Kidumu cha lita tano cha kupimia maji sasa anakishika mzee mwenyewe, na jioni anaondoka nacho nyumbani.