Pakiti ya unga ndiyo ilinifunza kufunga fundo

Samaki watatu. Watatu walinitoka asubuhi moja pale mto Thego, huku Nyeri karibu na Mlima Kenya, na mimi kila nikimpoteza mmoja namlaumu yeye, mara huyu alikuwa jitu, mara huyu kajipitisha chini ya jiwe, mara huu uzi wa duka ni feki. Mpaka kijana wa pale aliyekuwa ananionyesha njia akashika ncha ya uzi wangu, akaiinua kwenye mwanga, akasema "Boss, hii haijakatika, imefunguka." Na kweli, ncha ilikuwa imejisokota kama mkia wa nguruwe. Uzi ukikatika ncha inabaki imenyooka, lakini ukiona imejikunja hivyo basi fundo limeteleza taratibu mpaka likaachia. Aibu gani hiyo, maana mimi ni mtu wa Pwani bana.

Nimekulia kwa mshipi, mjomba wangu ni mvuvi na kufunga ndoana nilidhani najua tangu darasa la tatu. Ila huku mlimani mambo ni mengine. Trauti, samaki wa mito ya baridi, havuliwi kwa kipande cha ngisi, unamrushia nzi wa bandia, yaani manyoya yaliyosokotewa kwenye ndoana ndogo ajabu, na ule uzi wa mwisho unaomshika huyo nzi, wenyewe wanauita tipeti, ni kama nywele. Wangu ni 4X, hiyo ni namba ya unene. Hesabu yake: chukua 11 utoe hiyo 4, inabaki 7, basi unene wake ni sehemu 7 kati ya 1,000 za inchi, karibu milimita 0.18. Nailoni ya mjomba ya kuvulia samaki wa baharini kama changu na tewa hata uifunge ovyo bado inashika. Hii nyembamba haina utani.

(Na trauti mwenyewe si wa kwetu, mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na mzungu mmoja, Ewart Grogan, yakatiwa mto Gura kule Aberdare. Mgeni wa miaka yote hiyo na bado ana maringo.)

Basi nikarudi nyumbani nikaanza upya kama mtoto. Fundo la kwanza ni lile wanaloita klinchi, la kufungia nzi. Nilianza na kamba ya kiatu na pete ya funguo, maana kwa uzi wenyewe huoni unachofanya. Unapitisha ncha kwenye tundu la ndoana, unaizungusha kwenye uzi wake mara tano, unairudisha kwenye kitanzi kile kidogo kilicho karibu na tundu, halafu unaipitisha tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza sasa hivi. Hapo kwenye hiyo mara ya pili ndipo nilikuwa naruka, nikiona naharakisha kumbe najipunja.

Lakini kilichoniua zaidi ni kukaza. Nilikuwa nikimaliza kuzungusha navuta paap! kama nafunga gunia la mkaa. Nailoni kavu ikisuguana inapata joto, na joto linaila pale pale ndani ya fundo ambapo huoni. Kwa hiyo lilowanishe kwanza, mate yanatosha, halafu vuta pole pole sawasawa huku ukitazama mizunguko inavyojipanga mmoja kando ya mwingine kama spring ya kalamu. Ikipandana, kata ufunge tena, usijidanganye eti litashika tu, mimi nimejidanganya sana. Kipande kinachobaki kikate kwa kikata kucha lakini usikikate kabisa hadi kwenye fundo, acha kama milimita moja hivi.

Sasa utajuaje limeshika kabla hujafika mtoni? Tipeti yangu inabeba kilo 2 na nusu na ushee, na jikoni pakiti ya unga ni kilo 2. Nikafunga pakiti kamba, nikatundika ndoana kwenye kamba, nikainua kwa uzi pole pole. Fundo la kwanza liliachia pakiti ikiwa juu ya meza, ikapasuka, unga mpaka chini ya friji. Wa nyumbani kwangu akatoka chumbani akaangalia, akaniangalia, akarudi zake bila kusema kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. La pili likaachia. Kuanzia la sita hivi pakiti ikawa inaning'inia tu pale, natamba nayo jikoni kama mtu amevua papa.

Fundo la pili ni la kuunganisha tipeti na lida, yaani uzi mnene kidogo unaoitangulia, wanaliita la daktari mpasuaji, na ni rahisi kuliko jina lake. Lalisha nyuzi mbili pamoja, piga kitanzi kwa zote mbili, pitisha ncha ya lida pamoja na tipeti yote mara mbili, mimi napitisha tatu kwa woga, lowanisha, vuta ncha zote nne kwa pamoja. Basi. Kuna mengine ya kule nyuma kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, lakini hayo nilifungiwa dukani na sitaki kujifanya fundi.

Ah, na kingine, ukirusha vibaya upepo unakufungia fundo lako wewe mwenyewe katikati ya uzi, kajifundo kadogo, na hako peke yake kanaweza kupunguza nguvu ya uzi karibu nusu. Kila baada ya muda pitisha uzi katikati ya vidole. Ukikahisi, badilisha, hata kama vidole vimeganda na baridi ya Nyeri na hutaki.

Nilimpigia mjomba nikamweleza habari ya mate, akacheka sana, "Sasa wewe hujaniona mimi natia mate miaka yote hiyo?" Nilikuwa namuona, nikidhani ni mazoea ya wazee tu.

Jumamosi nikarudi Thego. Nzi yule yule, fundo likakaa, nikatoa trauti mmoja wa urefu wa kiganja, nikamtoa ndoana nikamrudisha majini. Jioni nikampigia mjomba kumpa habari.

"Mkubwa?"

"Mdogo, nimemwachia."

Kimya kidogo. Halafu akaniuliza, "Umeenda mpaka Mlima Kenya kumfunga samaki fundo, ukishamaliza umfungue?"