Nilivyomnyonyesha mwanangu miezi sita bila hata tone la maji, na kazini nilirudi

Kama kuna sentensi nimeichukia maisha yangu yote ni "maziwa yako hayamtoshi mtoto". Nimeambiwa na mama mkwe, nimeambiwa na wifi, nimeambiwa na jirani anayeuza mkaa, mpaka fundi aliyekuja kutengeneza bomba, mwanaume mzima ambaye hajawahi kunyonyesha hata paka, alisimama mlangoni na spana yake akasema dada huyo mtoto ana njaa mpe uji mwepesi. Mtoto alikuwa na wiki tatu jamani.

Sasa huyo mtoto kafikisha miezi sita, mapaja yamejikunja mikunjo, na nimepata nguvu ya kuandika.

Kumweka mtoto ziwani sitaeleza, nesi yeyote atakuonyesha, ila usikubali akamate chuchu tupu, aingize mdomoni na sehemu kubwa ya lile duara jeusi, la sivyo utalia wewe kabla yake. Mimi zilichanika zote mbili. Na yale maziwa ya mwanzo ya njano mazito usikubali mtu akwambie kamua mwaga ni uchafu, hayo ndo yana kinga yenyewe.

Siku za kwanza mtoto alipungua uzito na hapo ndo kelele zikaanza, wifi akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama hatujambemenda mtoto, yaani kama sijarudiana na mume mapema. Yaani mwanamke nina mshono, nakaa kwa upande, mtu ananiuliza habari za kubemenda! Kumbe watoto wengi wanapungua siku zile za mwanzo, asilimia 7 hata 10 ya uzito wa kuzaliwa, halafu wanarudisha kwenye wiki ya pili hivi. Nesi aliniambia usisikilize kilio, hesabu nepi. Mtoto akishapita siku tano akikojoa vizuri mara sita au zaidi kwa siku na mkojo hauna rangi kali, anashiba. Mimi hiyo hesabu ya nepi ndo ilikuwa silaha yangu, mtu akianza namwonyesha beseni.

Wiki ya tatu ikaja ile ya jioni. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa nne usiku mtoto ananyonya, analia, anaachia, anataka tena, ziwa limelegea unaona kabisa halina kitu. Hapa ndo wengi wanaanza maziwa ya kopo, na siwalaumu. Ila ukweli ni kwamba ziwa halifanyi kazi kama simtanki inayoisha, linatengeneza kadiri linavyotolewa, na mtoto akiwa anakua kwa kasi analining'inia ili liongeze. Ukimpa maji au kopo pale umelipunguzia ziwa oda, kesho linatengeneza kidogo, kesho kutwa kweli hayatoshi, na wale waliosema hayatoshi wanakwambia si tulikwambia. Baada ya siku chache ile hali ikapita, ikarudi tena kwenye wiki ya sita nikawa nishaizoea, nikawa nakaa kabisa na maji yangu ya kunywa, chaja na tamthilia.

Uji wa pilipili manga, mtori na supu nilikunywa vyote, vitamu na mzazi anahitaji nguvu. Ila kilichojaza maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, usiku hasa. Usiku usimpeleke mtoto akalale na dada wa kazi.

Mama mkwe shida yake ilikuwa maji. Joto la Dar mnalijua, na yeye alikuwa anamwonea mjukuu huruma kwelikweli, siyo ubaya. Nikimwambia mama, maziwa yenyewe karibu yote ni maji, zaidi ya asilimia 85, anasema "mwanangu, mbona wewe mwenyewe unakunywa maji?" Tukienda hivyo. Siku mtoto aliyopewa matone ya chanjo ya wiki ya sita akapata hoja mpya, si ameshapewa matone, basi na maji apewe. (Chanjo, dawa aliyoandikiwa na daktari na ORS akiugua havivunji kitu, mjue hilo.) Nikaona hapa kubishana hakusaidii. Kliniki iliyofuata, ile ya wiki ya kumi, nikasema mama mgongo unaniuma naomba unisindikize unibebee mtoto. Nikampa na kadi ashike yeye. Mtoto kapimwa, mstari kwenye kadi umepanda unachungulia juu, nesi akamtazama mama mkwe siyo mimi, akasema "bibi, huyu mmemlisha nini?" Mama mkwe akakaa vizuri, akaweka khanga sawa, akasema "maziwa ya mama yake matupu, hata maji hatujampa." HATUJAMPA. Tangu siku ile akawa ndo polisi wa nyumba, jirani wa mkaa akija na habari za dawa ya chango anafukuzwa yeye na chango lake.

Sasa kazi. Likizo ya uzazi ya kisheria hapa Tanzania ni siku 84 (mapacha 100), kwa hiyo unaambiwa nyonyesha miezi sita halafu unarudishwa ofisini ikiwa bado nusu ya safari. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inasema mwajiri amruhusu anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ofisini kwetu hakuna aliyekuwa anajua, nilichapisha kile kifungu nikakipeleka kwa bosi nikiwa natabasamu. Mimi nakaa Kimara kazi iko Posta, kwenda kunyonyesha mchana na kurudi haiwezekani, tukaelewana saa moja ya kukamua mchana na saa moja naondoka mapema.

Nikaenda Kariakoo nikanunua mashine ya umeme ya kukamulia, elfu sitini au themanini huko, muuzaji anasema dada hii ukiwasha tu unamwagikiwa. Siku ya kwanza nimejifungia stoo ya mafaili, nikawasha. Ikaanza kunguruma mpaka shelfu la mafaili linatetemeka. Kile kikombe cha kubana kilikuwa kikubwa kuliko mimi, kinavuta hewa na kutoa milio ambayo sitaiandika hapa. Nimekaa hapo muda wote huo nachungulia kwenye chupa, kimepatikana kitu cha kuloanisha kijiko. Mara mlango unagongwa, kijana wa kompyuta, anauliza kuna mtu ndani, kuna UPS, ile betri ya kompyuta, inapiga kelele nataka niizime. Nikamwambia nenda, nitaizima mwenyewe. Halafu betri zikafa. Nilitoka pale blauzi imelowa upande ambao sikuukamua, nikakaa na koti mpaka jioni na AC yenyewe haifanyi kazi.

Mkono! Mkono hauna betri. Nawa, weka kitambaa cha uvuguvugu kidogo, kidole gumba juu na vingine chini NYUMA ya duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, unazungusha vidole ziwa zima. Ukivuta chuchu utaumia bure. Dakika ya kwanza ya pili yanatoka matone tu, usikate tamaa, mimi nilikuwa naangalia video ya mtoto akicheka kwenye simu mara yanachuruzika yenyewe. Na ujanja mkubwa kuliko wote huu hapa: alfajiri saa kumi na moja, mtoto ananyonya ziwa la kulia, mimi nakamua la kushoto. Akinyonya huku, kule nako maziwa yanashuka yenyewe, ni kukinga tu. Baba mtoto ndo alikuwa mkinga kikombe, mara mbili tatu alisinzia akayamwagia kwenye shuka, lakini kwa ujumla alifanya kazi nzuri.

Usiogope wingi. Mtoto wa mwezi mmoja mpaka sita anakunywa wastani wa mili 750 mpaka 800 hivi kwa siku nzima na haiongezeki sana kadiri anavyokua, kwa hiyo mchana niliacha kama mili 300 na zaidi kidogo, mengine anamalizia kwangu usiku. Tulimnywesha kwa kikombe kidogo, siyo chupa, kwa sababu kikombe unasugua kinatakata na chuchu ya plastiki ile inaficha uchafu. Unamkalisha wima, unagusisha ukingo kwenye mdomo, anaramba mwenyewe, usimmiminie. Dada alilalamika siku ya kwanza, siku ya tatu akawa fundi.

Kubebea nilinunua deli dogo, haya ya wauza barafu, nikajaza vifuko vya maji vilivyoganda. Na barafu ya kutosha maziwa yanakaa humo mpaka saa 24. Ila sasa panda mwendokasi na deli! Watoto wa shule wananiuliza anti barafu za ukwaju zipo? Mama mmoja akanitolea mia tano kabisa. Nikamwambia zimeisha.

Friji siku nne, friza miezi sita, andika tarehe kwa maka peni, yaliyoyeyuka usigandishe tena, na yaliyobaki kwenye kikombe baada ya mtoto kunywa usitunze. Nilijaza friza nikajiona tajiri. Siku moja narudi namkuta mama mkwe ananiangalia kwa huzuni, "mwanangu, maziwa yako yote yamechacha, nimemwaga". YOTE. Kayeyusha moja likanuka sabuni, akamalizia na mengine kwa kutulinda. Nilikaa chini nikalia kilio cha msiba. Wifi kwenye simu akasema ni kwa sababu natembea juani, maziwa yanachachia ndani ya ziwa, kitu ambacho hakiwezekani hata kidogo. Kesho yake nikakamua, yakiwa mapya hayana neno, yakikaa yananuka sabuni. Nikampa baba mtoto aonje, akasema kama maji ya kuoshea vyombo, akaomba soda.

Nikauliza kliniki, kumbe baadhi ya wanawake maziwa yao yana kimeng'enya kingi cha kuvunja mafuta, lipasi, ndo kinaleta ile harufu, na hayana madhara kama yametunzwa vizuri, tatizo ni baadhi ya watoto wanayakataa. Unayapasha kwenye sufuria mpaka yaanze kutoa vipovu pembeni, yasichemke, unayapoza haraka kwenye maji baridi ndipo unagandisha. Harufu ikaisha. Mama mkwe ndo akawa anapasha, na alikuwa hataki mtu amguse.

Juzi tumeanza uji. Tumeuchanganya na maziwa ya friza yaliyobaki, mtoto kautema wote kwa bibi yake.

Ile mashine ya umeme bado iko kabatini, anayeitaka aje aichukue bure, betri anunue mwenyewe.