Kakuma, na wenye ardhi nao waulizwe

Kitale mpaka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko Turkana kaskazini magharibi mwa Kenya, ni safari ya kuchosha jamani. Tulitoka asubuhi na baridi yake, tukapita Kapenguria, tukateremka Marich na hapo jua likatushika, Kainuk, Lokichar, mpaka Lodwar tukalala. Wazee kwenye gari walikuwa wanasimulia vile zamani huko magari yalisindikizwa na polisi sababu ya majambazi. Kesho yake tukasonga juu, lami siku hizi ni safi, nje ni miti ya miiba ya mathenge na laga, yaani mito iliyokauka, na mbuzi tu, halafu mara unaona mabati yanang'aa mpaka macho yanauma, ndio umefika.

Kambi ilianza 1992 wakati wale vijana wa Sudan waliingia, wengine watoto wadogo bila wazazi, wametembea kwa miguu wakikimbia vita. Leo ukijumlisha na Kalobeyei, makazi mengine ya wakimbizi hapo karibu, kuna watu zaidi ya 250,000. Wengi ni wa Sudan Kusini, vita vya Desemba 2013 vilileta wengi sana, halafu kuna Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia. Soko ni kubwa kweli, nilikunywa kahawa kwa Muethiopia, nikanyolewa na Mkongo tukipiga stori kwa Kiswahili kama tumekua pamoja.

Lakini walionigusa zaidi ni Waturkana. Huku Nairobi tukitaja Kakuma tunaongea UN na wakimbizi basi, wenye ardhi hatuwaulizi, na ni watu ambao ukame wa 2020 hadi 2023 uliwamalizia mifugo.

Asubuhi moja nilimwona mama Mturkana, shanga zimejaa shingo mpaka kidevuni, gunia la makaa kichwani, ametembea tangu usiku. Akasimama mlangoni kwa mama wa Sudan Kusini. Pesa hata sikuiona. Yule wa ndani akatoa mtama wa mgao, chakula cha msaada wanachopewa wakimbizi, akapima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, akasawazisha juu na kiganja, huyu wa nje akachota tena ngumi moja akaongeza mwenyewe, wakaangaliana wakacheka, mtama ukamiminwa kwa shuka ukafungwa fundo. Makaa yanapika chakula cha mkimbizi, mtama unalisha watoto wa Mturkana. Sisemi hawagombani, maji na kuni zimeleta ugomvi huko mara nyingi, na watu wameumizana. Lakini biashara hii ndio inaweka sufuria motoni pande zote mbili.

Halafu 2025 pesa za wafadhili zikapungua na mgao ukakatwa vibaya. Kijana mmoja alinitafsiria, yule mama wa makaa akasema siku zingine anazunguka boma kwa boma na anarudi nyumbani na gunia lake vile lilivyo, na watoto wanamngoja. Iliniuma sana. Kwa sababu yeye si mkimbizi na hana kadi ya mgao, mgao ukikatwa haonekani kwa hesabu ya mtu yeyote, na njaa ni ileile.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wakimbizi na wenyeji watumie shule moja, hospitali moja, soko moja. Mi nauunga mkono kabisa, ni kitu kilichelewa. Ila naomba hao wanaokaa kupanga waende wakae chini na akina mama wa makaa, waulize mgao ukipunguzwa tena wao watauzia nani, na jibu liandikwe ndani ya mpango.