Siku moja kwenye tanuri la sheli ya mafuta

Saa 1 asubuhi. Wengi hudhani tunachoma mawe. Hatuchomi: sheli hii ni mwamba wa matabaka, nasi tunaupasha joto bila hewa hadi utoe mafuta. Oksijeni ikiingia mafuta yanateketea, kwa hiyo kila chombo husafishwa kwanza kwa nitrojeni. Kuponda, kuchekecha, kukausha na kupima humaliza asubuhi.

Saa 4. Kipimo cha Fischer, jaribio la kawaida la kujua sheli inatoa mafuta kiasi gani: gramu 100 za punje zisizozidi milimita 2.4, nyuzi 12 za Selsiasi kwa dakika hadi 500, kisha dakika 40 za kushikilia hapo. Punje ni ndogo, joto la nje na la ndani hukaribiana. Hakuna shida.

Saa 6 mchana ndipo kazi huanza: mabonge ya milimita 100, themokapo (kihisi cha joto) moja ukutani mwa chombo, nyingine kwenye kiini cha bonge. Ukuta umefika 500, kiini bado kiko chini ya 300, na kerojeni, mata ya kikaboni iliyomo mwambani ambayo ndiyo hugeuka mafuta, haivunjiki kwa kasi ya maana kabla ya 350 hivi. Sheli hupitisha joto vibaya, hasa likikatisha matabaka badala ya kuyafuata. Andika bonge limelala vipi, la sivyo namba zako hazilinganishiki na za jana. Muda hukua kwa mraba wa unene: punje ya milimita 10 hupata moto kwa dakika moja hivi, bonge hili hutaka mara 100 ya hapo. Kishawishi ni kuongeza moto. Usiongeze. Ganda la nje likipita 600 na kuendelea, madini ya kabonati yaliyomo mwambani huanza kuvunjika, hunyonya joto na kutoa kaboni dioksidi, huku kiini kikiendelea kusubiri.

Na hata kiini kikiiva, mvuke wake wa mafuta lazima upite kwenye ganda lililo moto kuliko ulikotoka. Ukikawia humo hukatika kuwa gesi na kuacha makaa vitunduni. Nitrojeni zaidi husaidia mvuke uliokwisha kutoka, ila ikizidi hupitisha ukungu wa mafuta kwenye kipoozeo, kinachogeuza mvuke kuwa mafuta, bila kunaswa.

Jioni macho hayatazami saa tena, yanatazama geji. Shinikizo likipanda, bomba la kutokea limepoa, na mafuta mazito yameganda pamoja na vumbi. Lifungwe mkanda wa joto tangu mwanzo.

Usiku bonge lililopoa hupasuliwa. Nje jeusi, katikati pamebaki kahawia: kerojeni haijaisha. Kesho halijoto ni ileile, muda unaongezwa dakika 20.